Bili ya mgonjwa wangu ina upasuaji mara mbili, naanzia wapi?

Mlezi_Kibaha: Wakuu, habari za jioni. Mgonjwa wangu kajifungua kwa operesheni hospitali ya misheni. Leo kapewa ruhusa, bili ina upasuaji mara mbili na sindano ambazo anasema hakuchomwa. Bima imekataa sehemu, tunadaiwa taslimu. Nalalamika wapi?

Kamanda77: Usilipe. Dai bili yenye mchanganuo, uilinganishe na karatasi ya dawa aliyokuwa anatiki nesi kitandani. Kisichotikiwa hakikutolewa.

BiShuwea: Watu wa madirishani wamezidi. Nilimpeleka mwanangu jino, fomu ya bima ikaja na ultrasaundi! Niligoma kusaini mpaka wakaifuta. Tusome kabla ya kusaini jamani.

Mti_Mkavu: Mkuu, si umpeleke mgonjwa dirisha la bima na kitambulisho chake?

Mlezi_Kibaha: Jina linasumbua kidogo.

Mti_Mkavu: Linasumbuaje? Funguka.

Mlezi_Kibaha: Kadi ni ya mke wangu, mgonjwa ni mdogo wake. Uchungu ulimshika usiku, hela ya kutanguliza hatuna. Wanafanana, mapokezi wakatazama picha wakatupitisha. Msinihukumu, roho mbili zilikuwa hatarini. Tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali ya kuombea cheti cha kuzaliwa, nalo limetoka na jina la mke wangu, ila kuna kijana wa masjala atalibadilisha kimyakimya. Nauliza bili tu.

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, bili ndiyo ndogo hapo. Faili la mkeo sasa linasema kafanyiwa operesheni ya uzazi. Damu hupimwa upya kabla ya kuongezewa, lakini aleji na historia ya upasuaji daktari huzisoma humo humo. Na RITA, wale wa kusajili vizazi na vifo, wanaandika cheti kwa kufuata tangazo. Baba kaandikwa nani?

Mlezi_Kibaha: Mimi. Walijaza mume wa mwenye kadi.

Kamanda77: 😂😂 Mkuu, mimba ya nani?

Jicho_Pevu2: Chai hii. Hospitali ninayotibiwa bila alama ya kidole hupiti. Mtunzi kajisahau.

Mlezi_Kibaha: Mashine iligoma, ilikuwa saa nane usiku. Baba wa mtoto yuko Songea. Sina muda wa kutunga hadithi.

BiShuwea: Ndiyo maana michango ya bima inapanda. Tunawalipia ninyi.

Nesi_Mstaafu: Chai au si chai, yupo mtu atasoma. Kabla hamjatoka wodini, nenda na mkeo na mdogo wake kwa mganga mfawidhi, mseme kweli. Mafaili yatenganishwe, tangazo lifutwe liandikwe upya, dai la bima liondolewe. Deni ombeni kulipa kwa awamu, pitieni ustawi wa jamii.

Mlezi_Kibaha: Bibi, wakituitia polisi je? Kijana wa masjala kasema niwahi saa kumi na mbili asubuhi, kabla bosi wake hajafika.

Nesi_Mstaafu: Akibadilisha tangazo, faili na dai vinabaki na jina la mkeo, na umeongeza rushwa. Mkeo anasemaje?

Mlezi_Kibaha: Anasema kama wewe.