Phil wa Punxsutawney: wamwache alale au sherehe iendelee?

Mleta mada: Wakuu, kila tarehe 2 Februari alfajiri, maelfu ya watu hujazana kwenye kilima cha Gobbler's Knob, Punxsutawney, Pennsylvania, Marekani, mji ambao wakazi wake hata 6,000 hawafiki. Wanamsubiri Phil, "groundhog", mnyama wa jamii ya kindi, mchimba mashimo, mnene kuliko paka (msimchanganye na pimbi wetu). Wazee wa klabu yake, Inner Circle, wenye kofia ndefu nyeusi, wanamtoa kwenye kisiki na kumwinua juu. Akiona kivuli chake, baridi itakaa wiki 6 zaidi. Asipokiona, joto limekaribia. Wanakwenda kilimani hapo tangu 1887, na asili yake ni imani za walowezi wa Kijerumani.

PETA, watetezi wa wanyama, wanataka astaafu. Mwaka 2020 walipendekeza awekwe roboti. Roboti ni kichekesho, lakini kwenye kustaafu niko nao. Hati mbili, moja ya kila jibu, huwa zimeshaandikwa, rais wa klabu "anaongea" na Phil, kisha anaonyesha ipi isomwe. Kama maneno ni ya wazee, mnyama anakatiziwa usingizi wake wa majira ya baridi na kupelekwa kwenye taa na makelele kwa lipi?

Mkaa Pittsburgh: Mkuu, unamwonea huruma asiyeihitaji. Phil anakaa maktaba ya mji na mkewe Phyllis, kwenye pango la kioo, analishwa. Wenzake wa porini wanapigwa risasi na wakulima kwa kuchimbachimba mashamba. Hiyo klabu yenyewe hapo mwanzo ilikuwa inawawinda na kuwala! Ukanda ule uliishi kwa makaa ya mawe. Leo mwenye gesti anategemea wageni wa Phil; mwambie kwamba Phil kastaafu, uone.

Daktari Mifugo: Niongeze kidogo. Hoja ya "anakatiziwa usingizi" ni dhaifu. Madume wa huko hutoka wenyewe mapema Februari, wakapitia mashimo ya majike, kisha wakarudi kulala. Ninachohofia mimi ni mikono. Mwaka 2014 kule Staten Island meya wa New York, Bill de Blasio, aliponyokwa na mnyama wa sherehe kama hiyo, na siku chache baadaye akafa. Mnyama, si meya.

Mkaa Pittsburgh: Hapo ni uzembe wa meya. Hawa wazee wamezoea.

Mleta mada: Kumshika wamezoea wao. Yeye je, kashazoea? Na msiniletee habari za utabiri, maana NOAA, idara ya hali ya hewa na bahari ya Marekani, walipompima kwa miaka ya karibuni walikuta anakosea zaidi ya anavyopatia. Shilingi ukiirusha inamshinda. Tena mwaka 2021, wakati wa korona, walifanya bila umati. Phil hakupungukiwa na kitu, mji ndio uliopungukiwa. Basi umati ni haja ya mji. Mwacheni maktaba, watoto wamwone kupitia kioo, wazee wapande kilimani na kofia zao wakasome hati.

Mkaa Pittsburgh: Nani atakesha kwenye theluji kuangalia wazee wenye kofia?

Mleta mada: Hao hao wanaokesha sasa. Ukiwa nyuma kule kwenye umati, ulishawahi kumwona Phil?

Mkaa Pittsburgh: Nilimwona. Kwa sekunde tatu, nikiwa nimebebwa begani. Mpaka leo nawasimulia wanangu.