Gumzo la ukoo: kompyuta ya Mama Kulwa imejaa

Mama Kulwa: Mwangaluka jamani. Mama shikamoo. Shija uko hewani? Kompyuta ya dukani inanitoa jasho.

Bibi Nansio: Marahaba mwanangu. Huku mvua imeshika tangu alfajiri, kivuko hakijaonekana.

Shija: Shikamoo bibi, shikamoo mamkubwa. Nipo. Imefanyaje?

Mama Kulwa: Marahaba. Inajisasisha, ikifika katikati inakwama, inaandika 0x80070070. Na ule mstari wa diski C umekuwa mwekundu. Wanafunzi wamejaa hapa na ripoti zao, kila nikisevu naambiwa hakuna nafasi.

Shija: Hiyo namba maana yake diski imejaa. Siyo kirusi, wala kompyuta haijafa. Sasisho linahitaji nafasi ya kushukia na ya kujikunjulia, likikosa linarudi lilikotoka. C imeandika GB ngapi, na zimebaki ngapi?

Mama Kulwa: GB 118. Zimebaki 3.

Mjomba Igoma: Dada piga format hiyo, weka Windows upya. Utahangaika hadi jioni bure.

Shija: Mjomba, tusubiri kidogo. Mamkubwa, hiyo Windows 11 iliwekwa lini?

Mama Kulwa: Jumatatu ya wiki iliyopita, fundi mmoja wa mjini. Alisema Windows 10 mwisho wake ulikuwa tarehe 14 Oktoba 2025, haipewi tena masasisho ya usalama kama zamani, na mimi kutwa nachomeka flash za watu. Hapo nikamwelewa. Akaahidi hatagusa kitu changu. Niliporudishiwa, desktop nyeupe. Daftari la kikoba halipo! Hisa za akina mama wote tangu Januari, mikopo, faini, vyote. Mgawo ni Desemba. Sijamwambia mtu, silali.

Bibi Nansio: Ee Mungu wangu.

Shija: Pole sana mamkubwa. Sasa nisikilize: usifute kitu chochote, na wewe mjomba usimshauri afute. Fungua C, uangalie kama kuna folda inaitwa Windows.old.

Mama Kulwa: Ipo. Ndiyo niliyotaka kuifuta asubuhi nipate nafasi. Ikakataa, inasema sina ruhusa.

Shija: Nashukuru imekataa. Fundi akiweka Windows mpya bila kufuta diski, ile ya zamani haipotei hapo hapo. Inakusanywa pamoja na mafaili yako, inawekwa humo. Ila inakaa siku 10 tu, halafu Windows inaifuta yenyewe bila kukuuliza. Ukihesabu kuanzia Jumatatu ile, leo Jumatano muda umekaribia kuisha. Acha wateja kidogo. Ingia Windows.old, halafu Users, halafu folda yenye jina lile ulilokuwa unafungulia zamani, halafu Desktop.

Mama Kulwa: Inaniuliza kama naruhusu.

Shija: Kubali. Inaweza kuchukua dakika, usiifunge.

Mama Kulwa: Shija

Mama Kulwa: NIMELIONA. Kikoba 2025. Limefunguka! Majina yote yapo, hadi mkopo wa mama wa dagaa wa Mwaloni.

Bibi Nansio: Asante Yesu.

Mjomba Igoma: Dada, basi hiyo format tuiache kabisa.

Shija: Bado mamkubwa, usishangilie. Likiwa humo ndani bado litafutwa. Nakili Desktop, Documents na Pictures zote upeleke kwenye flash mpya, siyo ile inayopita kwa wateja. Halafu ichomoe, ichomeke tena, ufungue daftari ukiwa kwenye flash uone tarakimu zimekaa. Ukimaliza nitumie na mimi nakala kwa barua pepe.

Mama Kulwa: Inanakili.

Mjomba Igoma: Shija swali. Mimi yangu nayo imejaa, nimeona kwenye video folda ya WinSxS imekula zaidi ya GB 10. Naifuta?

Shija: Hapana mjomba, hiyo ukiigusa kwa mkono Windows inaweza isiwake tena. Halafu ule ukubwa unadanganya: mafaili mengi humo ni yale yale yanayoonekana pia sehemu nyingine za Windows, yamekaa kwenye diski mara moja tu lakini yanahesabiwa mara mbili. Fungua Disk Cleanup, bonyeza palipoandikwa mafaili ya mfumo, uiache yenyewe itoe masasisho yaliyopitwa na wakati. Na zile programu za kusafisha kompyuta za kwenye mitandao usishushe hata moja.

Mama Kulwa: Tayari. Nimefungua kwenye flash, limo zima. Barua pepe nimetuma.

Shija: Imefika, nimelifungua na mimi. Sasa tuitoe Windows.old kwa njia yake. Fungua Settings, System, Storage, halafu Temporary files. Nisomee.

Mama Kulwa: Previous Windows installation(s) GB 31. Downloads GB 14. Recycle Bin GB 1. Vingine vidogo vidogo.

Shija: Ya kwanza weka tiki. Downloads hakikisha HAINA tiki. Kazi za wateja unazishushia wapi?

Mama Kulwa: Humo humo, za WhatsApp na za barua pepe. Ripoti za watu zote zimo.

Shija: Basi hapo uwe mkali. Ukiweka tiki kwa haraka zinaondoka zote, na hazipiti kwenye Recycle Bin. Hizo utazichambua siku duka limetulia.

Mjomba Igoma: Na lile faili la hiberfil.sys, la kompyuta ikilala? Wanasema ukiizima unapata GB 3 za bure.

Shija: Ni kweli, lakini kwake sishauri. Umeme ukikatika Nyegezi na betri ikaisha, humo ndimo Windows inamohifadhi kazi iliyokuwa wazi. Ripoti ya mtu ya kurasa 80 ina thamani kuliko hizo GB 3.

Mama Kulwa: Imemaliza kufuta. Zimebaki GB 35! Mstari umerudi wa bluu.

Shija: Safi. Chomeka chaja, rudi kwenye Windows Update, anza tena. Unatumia hotspot ya simu?

Mama Kulwa: Ndiyo, bando la wiki.

Shija: Likishaisha kushuka, nenda kwenye mipangilio ya hiyo wifi, washa Metered connection. Kuanzia hapo masasisho mengi yatasubiri wewe useme, hayatakumalizia bando mchana wa kazi. Ila kila mwezi yaruhusu.

Mama Kulwa: Imejizima ikawaka yenyewe mara mbili, usiniambie imeharibika.

Shija: Ni kawaida. Usiguse kitufe.

Mama Kulwa: Imewaka. Inasema imekamilika, hakuna lililobaki. Nimeprinti ukurasa mmoja, printa inaitika.

Bibi Nansio: Shija mjukuu wangu, Mungu akuzidishie.

Shija: Amina bibi. Mamkubwa, Windows.old sasa haipo, kwa hiyo daftari liko kwenye flash na kwangu tu. Linakili na kwenye kompyuta, halafu hiyo flash isilale dukani.

Mama Kulwa: Jioni naipeleka kwa mweka hazina Mkolani. Acha niwaprintie hawa watoto, foleni imefika mlangoni.