Nina digrii ya kompyuta, nipo kwenye konsaltansi ya mifumo. Nisome biashara au niongeze vyeti vya IT?

Kijana_wa_Mifumo
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri hasa kwa mlio kwenye konsaltansi ya TEHAMA. Nimesoma sayansi ya kompyuta UDOM, sasa hivi nipo kampuni moja hapa Dar tunafunga ERP (mfumo mmoja unaounganisha mauzo, stoo na uhasibu) kwa wateja, wengi ni wauzaji wa jumla na viwanda vidogo. Kazi naipenda, databesi naiweza, kuunganisha mfumo na EFD (mashine ya risiti za TRA) naweza, ila kila tukienda kwenye kikao na mkurugenzi wa mteja mimi naambiwa nikae na laptop niwe tayari kwa demo, anayeongea ni mwenzangu aliyesoma biashara. Juzi kapandishwa kuwa meneja wa mradi. Sina kinyongo nae kabisa, jamaa anajua kazi yake, ila imenifanya niwaze. Nafikiria MBA (shahada ya uzamili ya biashara) ya jioni UDSM au Mzumbe tawi la Dar, ada najilipia mwenyewe na nina familia. Itanisogeza kweli?

Leja_Kuu
Mdogo wangu, mimi ni mhasibu niliyehamia upande wenu, ngoja nikupe mfano wa kazini. Mzigo umeingia stoo leo, invoisi ya supplaya itakuja wiki ijayo, mfumo unapost wapi? Unadebiti stoki, unakrediti akaunti ya kati ya mizigo iliyopokelewa bila invoisi, halafu invoisi ikiingizwa ile akaunti inajifuta na deni linahamia kwa supplaya. Sasa nimeona vijana wa IT, tena wazuri, wanaona ile akaunti inavimba kila mwezi wanasema mfumo una hitilafu, wanakesha wanakagua programu, kumbe watu wa manunuzi wamekalia invoisi kwenye droo hawajazipeleka uhasibu. Kompyuta haina kosa hapo, utaratibu wa ofisi ndio umekatika, na mteja anakulipa wewe ili umwambie hivyo.

Mkurugenzi databesi haimhusu. Anachotaka kujua ni kwamba mauzo yanapanda mbona benki hamna hela. Siku ukimfungulia ripoti ya madeni kwa umri ukamwonesha wateja waliopitisha siku 90 hawajalipa, kikao kinachofuata atakutafuta wewe. Kwa hiyo biashara soma, ila uanze na uhasibu, manunuzi na stoo, hayo ya uongozi utayakuta mbele.

Nuru_wa_Tenda
Naunga mkono dada hapo juu na naongezea upande ambao watu wa IT wengi hawauoni, kupanga bei ya mradi. Mimi naandaa zabuni, za serikali siku hizi zote tunapitishia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Leseni unanunua kwa dola mkataba ni wa shilingi, dola ikipanda katikati faida imeondoka. Malipo ni kwa awamu, mteja anakulipa akishasaini kwamba majaribio yamepita, asiposaini miezi mitatu mishahara unatoa wapi? Halafu ukishakata ankara, VAT 18% inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata hata kama mteja hajakupa senti, na akija kukulipa anakata kodi ya zuio 5% kwenye ada ya huduma. Kampuni ndogo nzuri za mifumo zinakufa kwa haya huku zina mafundi hodari kabisa. Anayeweza kukaa na bosi akamwambia huu mradi tusiuchukue, kwa sababu hizi na hizi, huyo ndio anapewa miradi aisimamie. Masomo ya fedha yatakupa hicho.

Fundi_Seva
Mimi napingana kidogo. Asikimbilie MBA. Ukiwa hujawahi kuongoza hata timu ndogo, nusu ya yale mnayojadili darasani yatakuwa stori za watu wengine na hela yako imeenda. Angalia CISA ya ISACA, ni cheti cha ukaguzi wa mifumo, mtihani wa maswali 150 kwa saa nne, wanataka uzoefu wa miaka 5 lakini elimu yako inaweza kupunguza baadhi, na unaweza kufanya mtihani kwanza uzoefu ukaujaza baadae. Kampuni za ukaguzi wanaithamini sana. Na tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mabenki na mahospitali wanahitaji mtu anayeelewa mfumo na pia anaelewa taratibu, hao ni wachache mno hapa mjini. MBA iweke ukishakuwa na watu chini yako.

Kijana_wa_Mifumo
Asanteni sana aisee, ule mfano wa akaunti ya mizigo umenigusa maana kuna mteja ana hali hiyo hiyo sasa hivi na tiketi (ombi lake la kurekebishiwa) ipo mezani kwangu. Dada Leja_Kuu, kwa mtu wa kompyuta ningeanzia wapi kabla sijalipa ada popote?

Leja_Kuu
Hiyo hiyo tiketi ndio darasa lako la kwanza. Nenda kwa mhasibu wa huyo mteja mwisho wa mwezi wakati anafunga hesabu, mwombe ukae pembeni yake uone anatoa nini kwenye mfumo wenu na anapeleka nini kwenye Excel, na umuulize kwa nini. Kila anachokimbizia Excel ni kitu mfumo wenu haujampa. Baada ya hapo chukua CPA, cheti cha uhasibu cha NBAA (bodi ya wahasibu), pita ofisini kwao na cheti chako wakwambie unaanzia ngazi gani, unasoma jioni na kulipia mtihani kwa mtihani, haikubani kama ada ya chuo. Ukikwama kwenye ile akaunti njoo inbox nikuelekeze, usiifute kwa jono (ingizo la mkono kwenye vitabu) kabla hujaziona invoisi zenyewe.