Mtoto wa miaka 5 na rolakosta, ataruhusiwa?

MamaShella: Asalam aleikum jamani, tuko Malindi na mwezi ujao twaenda Abu Dhabi kwa dadangu, kijana wangu wa miaka 5 keshazoea bembea za Idd sasa ataka rolakosta (kile kigari cha reli cha kupanda na kushuka kwa kasi) ya Ferrari World, ile bustani ya michezo ya huko, watamruhusu kweli?

BabaMwana: Waleikum salaam dada. Rolakosta yao ya Formula Rossa sahau, ile yakimbia kilomita 240 kwa saa! Na wao hawaangalii miaka sana, wampima urefu mlangoni maana kile chuma cha kumfunga lazima kimkae mapajani barabara, mtoto mdogo aweza kuchomoka.

Ukhty_Lamu: Usimvunje moyo, kuna Formula Rossa Junior ya watoto. Mpime nyumbani kabisa, uangalie tovuti yao kabla hujakata tiketi, mtoto kurudishwa baada ya foleni ndefu yauma roho wallahi.