Naomba ushauri: mzigo wa kielektroniki hauonyeshi kuitikia triga katika modi ya pulsi

Mpimaji: Ndugu wanajukwaa, ninapima pawa saplai ya volti 12 yenye uwezo wa ampia 10 kwa kutumia mzigo wa kielektroniki, yaani kifaa kinachovuta mkondo kwa kiwango ninachokichagua, na ninachotaka kukiona ni jinsi volti zake zinavyoshuka na kurejea pale mkondo unaporuka ghafla kutoka ampia 2 hadi 8. Katika modi endelevu, ambamo mkondo huruka kati ya viwango hivyo viwili bila kukoma, na niliyoiweka kwenye hezi 1,000, volti hazipati nafasi ya kutulia kabla ya mruko unaofuata. Nikihamia modi ya pulsi (mruko mmoja mfupi) yenye upana wa milisekunde 1 na kubonyeza kitufe cha triga (ishara ya kuanzisha mruko), mita ya mzigo inabaki kwenye ampia 2 kana kwamba hakuna kilichotokea, na nikituma amri kutoka kwenye kompyuta hali ni ile ile. Nianzie wapi?

Fundi Saketi: Ndugu Mpimaji, usiihukumu pulsi kwa kutazama mita. Mita ya mzigo huonyesha wastani wa muda mrefu kuliko milisekunde 1, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mkondo unapanda hadi ampia 8 na kurudi bila tarakimu hata moja kubadilika. Hakikisha kwanza kwamba swichi ya hali ya mpito (inayoruhusu mkondo kuruka) imewashwa, kwa sababu katika mashine nyingi kuchagua modi hakutoshi, kisha uhamie modi ya kugeuza, ambamo kila triga huuhamisha mzigo kutoka kiwango kimoja hadi kingine na kuuacha hapo mpaka triga nyingine ije. Mita ikihamia ampia 8 na kubaki, njia ya triga ni nzima.

Mama Volti: Naongezea kuhusu modi endelevu. Kwa hezi 1,000 na mgawanyo wa asilimia 50, kila kiwango kinadumu nusu milisekunde tu, na saplai inayohitaji milisekunde 1 au 2 ili itulie haiwezi kuonyesha tabia yake halisi. Shusha hadi hezi 50, kila kiwango kidumu milisekunde 10.

Mpimaji: Nawashukuru sana. Kwa hezi 50 volti zinatulia vizuri. Katika modi ya kugeuza kitufe kinafanya kazi, ila amri ya *TRG (ya kutoa triga) kutoka kwenye kompyuta haileti badiliko lolote. Vilevile, probu ya osiloskopu (kifaa kinachochora volti kadiri muda unavyokwenda) ikiwa kwenye vituo vya mzigo, naona volti zikidondoka takribani volti 2 zaidi ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha saplai.

Fundi Saketi: Chanzo cha triga bado hakijawekwa kwenye laini ya kompyuta. Mzigo uliowekewa soketi ya nje kuwa chanzo cha triga hauisikilizi *TRG, hata kama baadhi ya mashine huendelea kukiitikia kitufe cha mbele. Ukishakibadilisha, rudi kwenye modi ya pulsi, weka osiloskopu inase mara moja tu, nayo ianze kunasa kwa ukingo wa kupanda wa mkondo kutoka kwenye soketi ya kufuatilia mkondo.

Mama Volti: Hizo volti 2 zinatokana na waya. Waya ulionyooka una induktansi (tabia ya kupinga badiliko la mkondo) inayokaribia mikrohenri 1 kwa kila mita, hivyo mita 2 za kwenda na kurudi, mkondo ukipanda kwa ampia 1 kwa kila mikrosekunde, zinakula volti 2 kwa mikrosekunde 6 zote ambazo mkondo unatumia kutoka ampia 2 hadi 8. Nyaya za kuhisi volti kwa mbali haziondoi induktansi hiyo, bali huuwezesha mzigo kupima volti zilizopo upande wa saplai. Fupisha waya, zisokote pamoja, na uhamishe probu kwenye vituo vya saplai yenyewe, ukitumia graundi fupi kadiri inavyowezekana.

Fundi Saketi: Wengine watakushauri upunguze kasi ya mkondo kupanda hadi ampia 0.1 kwa mikrosekunde, na kweli mdondoko wa waya utashuka hadi volti 0.2. Mimi sikubaliani na kufanya hivyo kwa ajili ya kupendezesha picha. Kasi ichaguliwe kulingana na kifaa ambacho saplai hiyo itakilisha, kwa maana mruko uliolegezwa kupita kiasi huipa saplai muda wa kujirekebisha ambao kifaa halisi hakitaipa.