Ofa ya kujiuzulu huku unalipwa hadi Septemba imerudi: nichukue, nistaafu mapema au nisubiri panga?

Mluguru_Maryland
Wakuu habari za Ijumaa. Naomba ushauri wa watu waliokomaa, siasa tuiache. Niko kazi ya federali, serikali kuu ya Marekani, hapa DMV (Washington DC, Maryland na Virginia), jana saa kumi jioni watu washavaa makoti imeili ikaingia, ile ofa ya kujiuzulu huku mshahara unaendelea hadi 30 Septemba 2025 imerudi raundi ya pili. Ile ya mwezi wa kwanza niliipita, imeili ya mtu usiyemjua inakwambia jibu neno moja tu ushaacha kazi, nikasema matapeli hawa, kumbe ilikuwa ya kweli. Sasa safari hii wametuwekea tuchague, kujiuzulu, au kustaafu mapema, au kiinua mgongo cha dola 25,000 kwa baadhi ya vitengo, au ukae usubiri kupunguzwa. Mwisho wa kujibu Ijumaa ijayo. Mama watoto anasema chukua, jamaa yangu wa meza ya pili anasema kaa. Ipi bora?

Mzee_wa_SilverSpring
Ndugu yangu unauliza bei ya gari hujasema gari gani. Una umri gani? Miaka mingapi kazini? Bima ya familia iko kwako au kwa mkeo? Bila hayo hakuna atakayekujibu kitu cha maana humu.

Likoni_Houston
Chukua wewe! Miezi mitano unalipwa ukiwa kwa nyumba, nani atakupa hiyo tena. Binamu yangu alichukua ile ya kwanza, saa hii anaendesha lori Oklahoma na mshahara wa serikali unaingia kila wiki mbili kama kawaida. Anakula kuwili.

Nesi_Takoma
@Likoni kula kuwili sawa lakini aulize kwanza watu wa maadili kazini kwake, hadi siku ya mwisho bado ni mtumishi wa serikali na kuna kazi za nje haziruhusiwi. Halafu Mluguru, kama umevuka miaka 40 angalia mkataba kama una kipengele cha kukuachisha haki ya kushtaki kwa ubaguzi wa umri. Kikiwemo, sheria inakupa siku 45 za kuusoma na siku 7 za kuubatilisha hata kama ushasaini. Usikimbizwe na Ijumaa ya mtu.

Kisamvu_na_Nazi
Ile imeili ya mwezi wa kwanza si waliita njia panda kabisa kichwa cha habari? Na wote tunajua njia mbili zilimshinda nani 😂

Likoni_Houston
Fisi alikuwa hana mkataba wa kulipwa hadi Septemba 😂😂

Posta_Mstaafu
Sisi wa posta ile ya mwezi wa kwanza haikutuhusu, tulikuwa na yetu, kustaafu mapema na dola 15,000 juu. Nilichukua nikashukuru Mungu, magoti yalikuwa yamekwisha. Kiinua mgongo usikione kikubwa lakini, 25,000 ikishakatwa kodi inabaki hela ya kubadilisha paa la nyumba. Na ukirudi kazi ya serikali kuu ndani ya miaka mitano unadaiwa yote, yaani hata ile iliyoliwa na kodi.

Shangazi_Dallas
Mluguru mwanangu usisaini chochote kabla hujasoma hii. Mimi nina miaka 52. Ile ofa ya mwezi wa kwanza niliichukua mwezi wa pili, nikaomba iunganishwe na kustaafu mapema, ile VERA, maana masharti yake ni miaka 50 na utumishi wa miaka 20, au miaka 25 kwa umri wowote. Nikatoa SF-50 yangu, ile karatasi rasmi ya kumbukumbu za ajira, kisanduku namba 31 kina tarehe ya kuanza kuhesabu utumishi, nikahesabu na vidole na kalkuleta nikapata miaka 20 na miezi mitatu, nikasema Alhamdulillah, nikaandaa chai ya kuaga kazini, watu wakaninunulia keki ya maua ya bluu. Nikakusanya na vikombe vyangu. Mwezi wa tatu nimekaa nyumbani nafua, simu inalia, dada wa HR, ofisi ya utumishi, anasema mama hesabu yako ni miaka 18 na miezi mitatu. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena. Kumbe kile kisanduku ni cha kuhesabia LIKIZO, cha kustaafu ni tarehe nyingine kabisa! Miaka yangu miwili ya mwanzo nilikuwa kibarua wa muda, nilikatwa Social Security (mafao ya uzeeni ya taifa) tu, mchango wa pensheni sikukatwa, na kwa sisi wa FERS, mfumo wa pensheni wa watumishi wa serikali kuu, ukibarua wa baada ya 1988 hauhesabiki na hata ukitaka kuulipia hawapokei hela yako. Nikaandika barua ya kufuta kujiuzulu, wakajibu mistari miwili, nafasi imeshafutwa. Kwa hiyo 30 Septemba natoka kama mtu aliyeacha kazi, sio mstaafu. Pensheni kamili naisubiri nikiwa 62, nikiitaka mapema nikifika 57 wanakata asilimia 5 kwa kila mwaka ulio chini ya 62. Bima ya afya ndio imeniua kabisa, inaisha siku 31 baada ya kutoka, baada ya hapo naweza kuendelea nayo miezi 18 nikilipa asilimia 102, sehemu yangu na ya mwajiri na juu yake asilimia mbili za kuhangaika na makaratasi yangu. Na hairudi tena hata pensheni ikianza. Mume wangu ana sukari.

Nesi_Takoma
Pole sana shangazi, Mungu akufanyie wepesi.

Kisamvu_na_Nazi
Pole shangazi. Lakini samahani, si ungeomba kwanza hesabu ya maandishi kutoka HR?

Shangazi_Dallas
Niliomba mwanangu. Walisema kuna foleni ya watu mia nne na ofa inafungwa kesho yake.

Mzee_wa_SilverSpring
Ndio maana nauliza maswali. Mimi nilistaafu 2019 bila presha ya mtu na bado nilisota, karatasi zangu zilikwenda Boyers, Pennsylvania, kwenye mgodi wa zamani wa chokaa chini ya ardhi, sitanii, huko ndiko mafaili ya wastaafu wa serikali kuu wa nchi nzima yanakokaa. Miezi mitano nilikuwa nalipwa pensheni pungufu ya kusubirishia. Sasa mtu wa raundi hii atasubiri kiasi gani na walioondoka raundi ya kwanza peke yake ni kama 75,000? Mluguru majibu yako wapi?

Mluguru_Maryland
Samahanini nilikuwa kwenye mechi ya mtoto. Shangazi pole sana, nimesoma mpaka mikono imetoka jasho. Haya: nilizaliwa mwezi wa nane, mwaka huu natimiza 50. Kazini tangu Februari 2008. Bima iko kwangu, mke na watoto watatu, mke ana biashara ya kupika haina bima. Mshahara 92,000.

Mzee_wa_SilverSpring
Miaka 17. Basi VERA ifute, haikuhusu. Unabaki na kujiuzulu au kukaa. Ukijiuzulu bima unaiacha, ushamsikia shangazi.

Likoni_Houston
Bado nasema chukua. Pesa ya bure haikataliwi.

Mluguru_Maryland
Kabla ya hapo nilikuwa jeshini 2002 mpaka 2006 lakini hiyo sidhani inahusika.

Mzee_wa_SilverSpring
WEWE!!! Hilo ndilo la kuandika mstari wa kwanza!

Nesi_Takoma
Jamani 😂😂 wanaume!

Mzee_wa_SilverSpring
Sikiliza. Miaka ya jeshi inanunulika. Unalipa asilimia 3 ya mshahara wako wa msingi wa kipindi kile pamoja na riba. Unaomba hesabu ya mapato yako kwa fomu RI 20-97, inarudi, unajaza SF 3108, unalipa. Miaka minne ya mshahara wa koplo asilimia tatu ni hela ndogo, riba ya miaka yote hii ndiyo imeinenepesha, hata hivyo huwezi kulinganisha na faida yake. Ukiinunua 17 inakuwa 21, na mwezi wa nane una 50, yaani kabla ya 30 Septemba unaingia VERA mzima mzima, pensheni inaanza mara moja bila kukatwa kwa sababu ya umri, na bima unaondoka nayo mradi umekuwa nayo miaka mitano mfululizo. Sharti moja: hela ya jeshi iwe imelipwa YOTE kabla hujatoka kwenye daftari lao. Ukishatoka mlango umefungwa.

Posta_Mstaafu
Mzee hapo kapiga msumari kichwani. Ila mpigie hesabu ya shilingi aone. Asilimia 1 mara miaka 21 mara 92,000, ni 19,320 kwa mwaka, kama 1,610 kwa mwezi kabla ya kodi na bima. Nyongeza ya kuziba pengo la Social Security haianzi mpaka afike 57. Nyongeza ya kupanda kwa maisha mpaka 62. Na TSP, akiba yake ya kustaafia, akiigusa sasa hivi anakatwa faini asilimia 10, angekuwa anatoka mwaka anaotimiza 55 angepona. Watoto watatu, Maryland, dola 1,610. Kodi ya nyumba tu haitoshi.

Likoni_Houston
Si atafanya kazi ingine, ana 50 sio 80.

DC_Makaratasi
Nimekuwa nasoma kimya. Mnamsukuma aondoke lakini hakuna aliyempigia hesabu ya kukaa. Akipunguzwa kwa RIF, yaani zoezi rasmi la kupunguza watumishi, anapata fidia, wiki moja kwa kila mwaka wa miaka kumi ya kwanza, wiki mbili kwa kila mwaka baada ya hapo. Miaka 17 ni wiki 24. Halafu wanaongeza asilimia 2.5 kwa kila miezi mitatu aliyovuka 40, kwa umri wake inakaribia mara mbili. Inakuja kama wiki 47 za mshahara. Mnamwambia achukue miezi mitano ya bure wakati kupunguzwa kunaweza kumlipa kumi! Na ni mkongwe wa jeshi wa baada ya 2001, kwenye orodha ya kupunguza watu hao wako mwishoni kukatwa, huenda asiguswe kabisa.

Mzee_wa_SilverSpring
Mkuu umesema kweli nusu. Fidia haipewi mtu ambaye ana haki ya pensheni ya papo hapo. Akinunua miaka ya jeshi, akapunguzwa akiwa na 50, anastaafishwa kwa masharti yale yale ya 50 na 20, fidia hapati hata senti.

DC_Makaratasi
Kwa hiyo asinunue mpaka ajue hatima yake.

Mzee_wa_SilverSpring
Na akichelewa kununua je? Hesabu ya jeshi peke yake inachukua wiki kadhaa. Fidia ni ya mwaka mmoja, bima ni ya maisha.

DC_Makaratasi
Aombe hesabu leo, alipe baadaye. Kuomba hakumfungi.

Nesi_Takoma
Hapo nakubaliana na DC.

Likoni_Houston
Nyie mnaongea fidia, mzee wangu alikuwa karani Nairobi, miaka ya tisini wakapewa golden handshake, akanunua matatu ya pili mkono, injini ikakufa kabla ya Krismasi. Tukarudi shule ya kijijini. Pesa ya mkupuo ni moto.

Kisamvu_na_Nazi
Sasa si ndio wewe unamwambia achukue pesa ya bure? 🤔

Likoni_Houston
Namwambia achukue asinunue matatu.

Posta_Mstaafu
Huku afadhali, pensheni ni ya kila mwezi, mkupuo wako ni TSP yako mwenyewe uliyojiwekea. Kaka yangu mwalimu Morogoro anasubiri kustaafu na mazungumzo yao ni kikokotoo, ile hesabu ya mkupuo wa kustaafu, asubuhi mpaka jioni. Mkupuo walishushwa hadi asilimia 33, bajeti ya 2024 ikawapandisha 40 kwa wale waliokuwa na 50 zamani na 35 kwa wale wa 25, na bado hawana furaha.

Kisamvu_na_Nazi
Wa Tanzania wana haki ya kulalamika, mkupuo ndio unajenga nyumba kule. Benki nani atakupa ukiwa na 60?

Shangazi_Dallas
Mluguru kama mpango ni kurudi nyumbani kumbuka ulishachukua uraia wa huku, kazi hizi nyingi bila uraia huingii. Kiwanja Tanzania utaandika jina la nani?

Likoni_Houston
Sisi Wakenya tuna uraia pacha tangu katiba ya 2010, karibuni Kwale viwanja vipo.

Kisamvu_na_Nazi
Asante tutabaki na Kibaha yetu kwa jina la dada.

Nesi_Takoma
Kwa jina la dada ndio kesi zinapoanzia 😅

Mluguru_Maryland
Nimerudi wakuu. Leo Jumatano. Asanteni, kweli sikuwa najua lolote la jeshi kununulika, miaka 17 mtu hakuniambia. Nimetuma fomu ya mapato ya jeshi jana usiku. Kisha nikamwandikia yule wa HR anayeshughulikia kustaafu kitengo chetu, nikamuuliza kama VERA itakubali umri wa mwezi wa nane na lini lazima hela iwe imelipwa. Jibu limekuja ndani ya dakika moja, nikafurahi, kufungua ni jibu la mashine: "Sipo tena ofisini, nimepokea ofa ya kujiuzulu, tafadhali wasiliana na..." na jina lililofuata ni la dada ambaye tulimuaga mwezi wa tatu.

DC_Makaratasi
😂😂😂 siwezi

Mzee_wa_SilverSpring
Panda juu kwa mkuu wake, kwa maandishi, na uhifadhi nakala nje ya kompyuta ya kazi.

Shangazi_Dallas
Na muulize tarehe ya kustaafu, SIO ya likizo. Kisanduku 31 usikiamini.

Likoni_Houston
Mama watoto anasemaje sasa?

Mluguru_Maryland
Ameuliza kama akina Likoni mnaagiza sambusa kwa jumla, akitaka kupanua biashara kabla ya Septemba.

Likoni_Houston
Mia mbili za nyama, na za ndengu mia. Anasafirisha mpaka Texas?