Naomba ushauri: kero ya kelele za jirani, ushahidi upangweje?

Wakuu, naomba msaada kwa wanaozijua kesi za kero. Mashine ya kuranda mbao nyuma ya ukuta huwashwa saa 11 alfajiri na kuzimwa usiku.

Mtaani chochote kinachoudhi ni kero. Katika sheria yenye asili ya Uingereza kuudhika hakutoshi: usumbufu uwe umepita kiasi ambacho mtu wa kawaida angeuvumilia nyumbani kwake. Hupimwa saa, muda, marudio na aina ya eneo. Mwenye masikio mepesi kupita kawaida hana kesi ikiwa mtu wa kawaida asingesumbuliwa. Utetezi wa "mashine ilikuwepo kabla yako" haunitishi. Katika kesi ya Uingereza ya Sturges na Bridgman, 1879, daktari alimshinda mtengeneza peremende aliyekuwa ametumia vinu vyake zaidi ya miaka 20.

Daftari langu la kumbukumbu za kelele lina tarehe, saa ya kuwasha na kuzima, chumba, na kama madirisha yalifungwa. Ninapokwama ni sauti. Simu hujipunguzia yenyewe kelele kubwa, kwa hiyo desibeli zake (kipimo cha ukubwa wa sauti) wakili yeyote atazipangua.

Je, kipima sauti kikae kitandani dirisha likiwa wazi, au limefungwa? Barua ya kwanza kwa jirani iombe kuwekwa saa za kazi za mashine tu, au itaje kesi moja kwa moja? Na majirani wote wakilalamika, haitahesabiwa kero ya umma, ambayo mtu binafsi hudai fidia akionyesha madhara yake ya pekee tu?